Kupandikiza Jino Lililopotea: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Dodoma na Kanda ya Kati

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba jino lililong'olewa linaweza kurudishwa kwa kupandikiza skrubu kwenye mfupa wa taya huuliza maswali yaleyale: kunauma kiasi gani, kunachukua siku ngapi, kunagharimu shilingi ngapi, na je, nitatafuna nyama choma kama zamani? Mwongozo huu umeandikwa ili mtu anayeishi Dodoma Mjini, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida aingie katika chumba cha daktari wa kinywa na meno akiwa anazijua hatua zote, na asishtuke akiambiwa kwamba kazi yake itachukua nusu mwaka au zaidi. Uamuzi wa mwisho kuhusu taya lako ni wa daktari aliyekuchunguza pamoja na wewe mwenyewe.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Jino la kupandikiza lina sehemu tatu: skrubu ya titani inayokaa ndani ya mfupa, ambayo ndiyo kipandikizi chenyewe, kiungo kinachopita kwenye ufizi, na kofia ya jino inayoonekana mdomoni. Titani ina tabia ya kushikana moja kwa moja na mfupa ulio hai. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliitambua tabia hiyo katika miaka ya 1950 akiwa anafanya utafiti kwa sungura, na mwaka 1965 akamwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza. Kushikana huko ndiko kunakochukua muda, na karibu kila katazo utakalolisoma hapa chini lipo kwa ajili ya kulinda kushikana huko.

Kwanza, je, unakihitaji?

Njia nyingine mbili bado zipo na si za kudharauliwa. Meno ya bandia ya kuvua ni nafuu kuliko zote na hayahitaji upasuaji. Daraja, yaani jino la bandia linalobebwa na meno jirani mawili yaliyochongwa, hukamilika ndani ya wiki chache. Kama meno jirani tayari yamezibwa sehemu kubwa au yanahitaji kofia kwa sababu zao, daraja ni uamuzi wa busara. Kama meno hayo ni mazima kabisa, kuyachonga ili kuziba pengo moja ni hasara, na hapo ndipo kipandikizi kinapostahili gharama yake. Mzee aliyepoteza meno yote ya chini, ambaye meno yake ya kuvua yanacheza kila anapotafuna, huenda akanufaika kuliko watu wote: vipandikizi viwili tu vya mbele vinaweza kuyashikilia meno hayo ya kuvua yasitoke mahali pake, bila kulazimika kununua skrubu kwa kila jino.

Kijana ambaye taya lake bado linakua hapandikizwi. Skrubu haisogei pamoja na mfupa, hivyo baada ya miaka michache jino lake litaonekana limezama huku mengine yakiwa yameshuka au kupanda. Mjamzito naye husubiri hadi ajifungue.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya dawa zote unazotumia, ikiwa ni pamoja na za asili. Taja kwa namna ya pekee dawa za kuzuia damu kuganda na sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, ambavyo baadhi ya wagonjwa wa saratani hupewa.
- Majibu ya karibuni ya sukari na shinikizo la damu. Mwenye kisukari aombe kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita.
- Picha za eksirei za zamani za meno, kama unazo.
- Fedha ya kazi nzima, au mpango unaoeleweka wa kuilipa kwa awamu. Mwenye bima aulize kwa maandishi, kabla ya kuanza, ni sehemu gani ya huduma hii bima yake italipia.
- Ratiba inayokuruhusu kurudi kliniki mara kadhaa katika miezi mingi. Anayetoka mbali apange safari hizo mapema, kwa kuwa hakuna daktari makini atakayemaliza yote katika siku moja ya mnada.

Hatua za kufuata

1. Chunguzwa kinywa chote, si pengo peke yake. Unaweza kuanzia idara ya kinywa na meno ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, au kliniki binafsi. Uliza mapema kama kituo hicho chenyewe hupandikiza au hukuelekeza kwingine. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imeirahisisha safari ya Dar es Salaam kwa yule atakayelazimika kwenda huko. Daktari atakayekuhudumia lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, nawe una haki ya kuuliza amefundishwa wapi upandikizaji. Meno yaliyooza na ugonjwa wa fizi hutibiwa kwanza, kwa sababu bakteria wanaokula mfupa wa meno yako ya asili hawatakisamehe kipandikizi kipya.

2. Piga picha za mfupa. Eksirei ya kawaida ya taya lote huonyesha urefu wa mfupa, lakini haionyeshi unene wake. Kwa hilo huhitajika picha ya CT. Katika taya la chini daktari hutafuta njia ya mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo na kidevu, na kwa kawaida huacha nafasi ya milimita 2 kati ya mshipa huo na ncha ya skrubu. Katika taya la juu, nyuma, hutafuta uwazi wenye hewa ulio juu ya magego. Pembeni, skrubu huachiwa angalau milimita 1.5 kutoka kwenye jino jirani. Anayekuambia kwamba atakupandikiza kwa kupapasa ufizi tu, bila picha yoyote, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Hapa kuna jambo linalowahusu watu wa kanda yetu kwa karibu. Wapo watu wazima wasio na meno ya chonge kwa sababu walipokuwa wachanga, wakiwa na homa au kuharisha, waganga waliyachokonoa mafizi yao wakidai kutoa "meno ya plastiki". Kilichotolewa kilikuwa chanzo cha jino halisi. Mahali ambapo jino halikuota kabisa, mfupa mara nyingi huwa mwembamba, hivyo mtu wa namna hiyo ajiandae kuambiwa kwamba mfupa unahitaji kuongezwa. Hali kama hiyo humpata pia aliyeng'oa jino zamani, maana mfupa wa pengo hupungua baada ya jino kutoka, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana inafaa kumuuliza daktari kuhusu kipandikizi kabla jino halijang'olewa.

3. Pata mpango na bei kwa maandishi. Kosa linaloumiza mifuko kuliko yote ni kusikia bei ya skrubu ukadhani ni bei ya jino. Omba karatasi inayotaja, kila kimoja kwa mstari wake: uchunguzi, picha, skrubu, kiungo, kofia, jino la muda la kuziba pengo wakati wa kusubiri, kuongeza mfupa kama kunahitajika, dawa, na marudio ya baadaye. Uliza pia nani atalipa iwapo skrubu haitashikana na mfupa: je, utawekewa nyingine bure, kwa nusu bei, au kwa bei kamili? Uliza jina la mtengenezaji wa kipandikizi, na kama kifaa hicho kimesajiliwa na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba nchini. Kliniki inayokasirishwa na maswali haya imeshakujibu.

4. Uandae mwili. Kisukari kilichodhibitiwa hakizuii upandikizaji, lakini sukari iliyo juu huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha maambukizi, kwa hiyo daktari anaweza kukurudisha kwanza kliniki ya kisukari. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake vizuri anaweza kupandikizwa. Aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni aseme mapema, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Sigara ni adui mkubwa: iache angalau wiki moja kabla ya upasuaji na wiki nane baada yake, na kama utaweza, usiirudie tena. Ugoro unaowekwa mdomoni nao umo katika katazo hilo. Usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari wa meno na daktari wa moyo waamue pamoja.

5. Mfupa usipotosha, uongezwe. Mfupa wa kuongezea unaweza kutoka sehemu nyingine ya taya lako, ukawa umetengenezwa maabara, au ukatoka kwa mnyama baada ya kusafishwa kitaalamu. Wanyama hao huwa ni ng'ombe au nguruwe, na utando unaofunika mfupa huo nao mara nyingi hutoka kwao. Kwa Mwislamu, na kwa mtu yeyote mwenye mwiko wa aina hiyo, hili ni swali la kuulizwa kabla ya upasuaji. Nyongeza kubwa huhitaji miezi minne hadi tisa kabla ya skrubu kuwekwa, ilhali ndogo huweza kufanyika siku ileile ya kupandikiza.

6. Siku ya upasuaji. Kula mlo wa kawaida asubuhi na unywe dawa zako za kila siku, isipokuwa umeelekezwa vinginevyo au utapewa dawa ya kusinzia. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani. Pikipiki si usafiri wa kurudia. Kwa kipandikizi kimoja ganzi ya kawaida inatosha, na kazi yenyewe mara nyingi haizidi saa moja. Utasikia mtikisiko na mgandamizo, lakini hupaswi kusikia maumivu. Ukiyasikia, inua mkono uongezewe ganzi. Maji mengi ya chumvi yatakayomwagika mdomoni ni ya kupoza mfupa unaotobolewa, kwa kuwa mfupa uliopata joto la nyuzi 47 za Sentigredi kwa dakika moja hudhurika, na mfupa uliokufa haushikani na kitu. Daktari anayetoboa polepole na kusimama mara kwa mara anafanya kazi inavyotakiwa.

7. Wiki mbili za mwanzo. Ng'ata shashi kwa muda ulioelekezwa, na uweke barafu iliyofungwa kitambaani juu ya shavu kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu na usinywe kwa mrija, kwa sababu nguvu hiyo huweza kuing'oa damu iliyoganda juu ya kidonda. Baada ya hapo sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Chakula cha kwetu kina msaada hapa: uji uliopoa, ugali laini kwa mlenda, maziwa mgando, viazi vilivyopondwa. Karanga, mahindi ya kuchoma, muwa na ubuyu visubiri. Zabibu zenye mbegu nazo zisubiri, hata kama ni msimu wake na zimejaa kila kona ya mji, kwa kuwa mbegu hupenya chini ya nyuzi zilizoshona kidonda. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Maliza dozi ya antibayotiki kama umeandikiwa, na usijinunulie nyingine dukani. Mwenye vidonda vya tumbo amwambie daktari kabla ya kupewa dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki.

Aliyeongezewa mfupa katika taya la juu, chini ya uwazi wa hewa, asipenge kamasi kwa wiki kadhaa, na akipiga chafya aipige mdomo ukiwa wazi. Kwa anayeishi Dodoma katika miezi ya kiangazi, upepo unapoinua vumbi, barakoa ni kinga ya bei ndogo.

8. Subiri. Taya la chini kwa kawaida huhitaji miezi mitatu hivi, na la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, huweza kuhitaji hadi miezi sita. Katika kipindi hiki hakuna maumivu, na hapo ndipo mtihani ulipo, maana mtu hujiona amepona akaanza kutafuna mifupa upande ule. Skrubu inayotikiswa kabla haijashikana hufungwa na nyama laini badala ya mfupa, na haitatulia tena. Jino la muda la kuvua lisiugandamize ufizi wa pale. Likibana, lirudishe lichongwe. Matangazo ya "jino kwa siku moja" si uongo mtupu, kwa sababu wapo wagonjwa wachache ambao skrubu yao hushika imara tangu mwanzo na kuruhusu jino la muda siku hiyohiyo. Lakini huo ni uamuzi unaofanywa mfupa ukiwa umeshaonekana, na hauwezi kuahidiwa kwa simu.

9. Kofia ya jino. Daktari atahakikisha skrubu imeshika, atachukua alama ya meno yako, na fundi wa maabara atatengeneza kofia. Chagua rangi kwenye mwanga wa mchana, bila rangi ya mdomo. Wengi waliokulia maeneo ya Singida na Manyara walikunywa maji ya visima yenye floridi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno yao yana madoa ya kahawia. Hali hiyo haizuii kupandikizwa, ila inalazimu uamuzi: ama fundi aige madoa hayo ili jino jipya lisijitenge, ama meno mengine yang'arishwe kwanza, ndipo rangi ya kofia ichaguliwe. Kofia haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo mpangilio huo haugeuziki. Uliza pia kama kofia itafungwa kwa skrubu ndogo au itagandishwa kwa saruji ya meno. Pale inapowezekana, mwandishi huyu anapendelea ya skrubu, kwa sababu hufunguliwa na kurekebishwa, na kwa sababu saruji inayobaki chini ya ufizi huleta uvimbe na kuutafuna mfupa kimyakimya.

10. Chukua kadi, kisha anza kutunza. Usiondoke bila kadi inayotaja mtengenezaji, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo la kipandikizi chako, pamoja na tarehe kilipowekwa. Duniani kuna mamia ya aina za vipandikizi na bisibisi zake hazifanani. Ukihamishiwa Mwanza au Mtwara na kofia ikalegea, daktari wa huko asiyejua aina yako atabaki akikisia. Piga picha ya kadi hiyo na uihifadhi kwenye simu. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, pitisha uzi au kibrashi chembamba pembeni ya jino jipya kila siku, na rudi kuchunguzwa kila baada ya miezi sita, ukipigwa eksirei daktari atakapoona inafaa. Jino la titani halitoboki, lakini ufizi na mfupa unaolishikilia huugua kama kawaida. Anayesaga meno usingizini aombe kinga ya kuvaa usiku.

Mambo yakienda kombo

*Uvimbe.* Huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Ukiongezeka baada ya hapo, au ukaja na homa, usaha, shida ya kumeza au ya kufungua mdomo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Damu.* Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu inayojaa mdomoni ing'atie shashi safi kwa dakika 30 bila kuchungulia, isipokoma, rudi.

*Ganzi isiyoisha.* Mdomo wa chini au kidevu kikiwa bado kimekufa ganzi kesho yake asubuhi, mpigie daktari bila kuchelewa. Huenda skrubu inagusa mshipa wa fahamu, na nafasi ya kuuokoa ni kubwa zaidi ikiondolewa ndani ya saa 24 hadi 36. Usikubali kuambiwa usubiri wiki mbili uone.

*Maji unayokunywa yanatokea puani.* Hii huhusu taya la juu, na maana yake ni kwamba uwazi wa hewa umetoboka. Usipenge kamasi, usipulize kitu, na rudi kwa aliyekupasua.

*Kofia inacheza.* Mara nyingi ni skrubu ndogo ya ndani iliyolegea, na hukazwa kwa dakika chache. Usitafunie upande huo na usiigandishe kwa gundi ya dukani, kwa kuwa gundi hiyo hugeuza kazi ya dakika chache kuwa kazi ya kukata kofia na kununua nyingine.

*Ufizi unatoka damu au usaha miaka kadhaa baadaye, bila maumivu.* Kukosa maumivu kusikudanganye. Ugonjwa unaokula mfupa unaozunguka kipandikizi huenda kimya, na ukiwahiwa husafishwa. Ukichelewa, skrubu hutoka ikiwa nzima.

*Skrubu yenyewe inacheza kabla ya kofia kuwekwa.* Haikushikana na mfupa. Hutolewa, kidonda huachwa kipone kwa miezi miwili hadi mitatu, na mara nyingi nyingine huweza kuwekwa palepale baada ya sababu kutafutwa: sigara, sukari, mgandamizo wa jino la muda, au mfupa uliopata joto. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 huwa bado vipo baada ya miaka 10, kwa hiyo kushindwa kwa mara ya kwanza hakumaanishi kwamba taya lako linakataa titani. Kabla ya kukubali skrubu ya pili, itoe ile karatasi ya bei ya hatua ya 3 na usome upya mstari unaosema nani analipa.